Bima ya afya kwa wote: Wabunge walibishania bei, mnunuzi atazame masharti

KATIKA bidhaa zote zinazouzwa kati ya Nyamilangano na Kahama mjini, bima ndiyo pekee ambayo mnunuzi huilipia huku akiomba Mungu asije akaihitaji. Mpunga humwagwa kiganjani ukatazamwa, ng'ombe hukaguliwa meno na kwato mnadani, tumbaku hupangwa madaraja mbele ya mkulima, na dhahabu ya mchimbaji mdogo hupimwa kwenye soko la madini mwenyewe akiwa amesimama hapo hapo. Bima haina mizani. Ubora wake hujulikana siku ya kulazwa, na siku hiyo mnunuzi hana tena nafasi ya kwenda duka la jirani.

Kwa sababu hiyo, mjadala uliofanyika Bungeni Dodoma kati ya Septemba 2022 na Novemba 2023 kuhusu Muswada wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ulistahili kufuatiliwa na wafanyabiashara wa ukanda huu kuliko ulivyofuatiliwa. Yaliyofika vijiweni yalikuwa mambo mawili tu: bei ya kadi, na habari kwamba asiye na kadi atanyimwa leseni. Swali la tatu, ambalo ndilo lenye fedha ndani yake, halikupata wasikilizaji wengi. Huyu anayepokea mchango analazimika kufanya nini, kwa nani, na asipofanya mwenye kadi aende wapi?

Safari ya muswada

Muswada ulisomwa kwa mara ya kwanza Septemba 2022. Ulitarajiwa kurudi Bungeni Novemba mwaka huohuo, haukurudi. Februari 2023 ukaahirishwa tena. Ulipitishwa mwanzoni mwa Novemba 2023, na baadaye Rais Samia Suluhu Hassan akautia saini, ukawa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Waziri wa Afya aliyeubeba muda wote huo alikuwa Ummy Mwalimu.

Wakati muswada unaanza safari, takwimu za Serikali zilionyesha kwamba ni kama asilimia 15 tu ya Watanzania waliokuwa na bima ya afya ya aina yoyote: asilimia 8 chini ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), asilimia 6 chini ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF), na kiasi kidogo kilichobaki katika bima za makampuni na nyinginezo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7. Maana yake ni kwamba zaidi ya watu milioni 50 walikuwa wakitibiwa kwa fedha za mfukoni, na huku Ushetu mfuko huo mara nyingi hutembea kwa miguu minne. Bili ya hospitali ikija huuzwa ng'ombe, tena kwa bei ya mtu aliyebanwa, na mnunuzi wa mnadani hupata faida ambayo hakuitafuta.

Viwango vilivyotajwa na Wizara mwaka 2022 vilikuwa Sh. 340,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, na Sh. 84,000 kwa mtu mmoja. CHF iliyoboreshwa, ambayo ndiyo wananchi wengi wa vijijini waliyoizoea tangu 2018, ilikuwa Sh. 30,000 kwa kaya ya watu sita. Kwa mtu aliyekuwa akilipa CHF, bei mpya ilikuwa mara 11 ya ile ya zamani. Haishangazi kwamba kelele zilianzia hapo.

Kelele zilizofuata zilihusu fimbo. Rasimu ya kwanza ilifungamanisha kadi ya bima na huduma nyingine: leseni ya udereva, bima ya gari, namba ya mlipakodi (TIN), leseni ya biashara, hati ya kusafiria, na hata kujiunga na kidato cha tano au chuo. Mwenye duka la pembejeo pale Ulowa angetakiwa awe na kadi ya kaya kabla hajauza mfuko wa kwanza wa mbolea wa msimu. Wabunge wengi waliona kwamba hiyo ni kodi ya kuanzia biashara iliyovalishwa koti la daktari, na walikuwa na haki ya kusema hivyo. Kamati ya Bunge iliyouchambua muswada nayo ilishikilia jambo lake: fedha za kuwalipia wasio na uwezo zitatoka wapi? Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulikuwa umeonyesha kwamba asilimia 26.4 ya Watanzania walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Kuwaamuru watu hao wanunue kadi ni kuandika sheria ambayo haitatekelezwa.

Muswada ulipopita Novemba 2023, fimbo ile haikuwa tena na makali iliyokuwa nayo mwanzo, na chanzo cha fedha kilikuwa kimetajwa. Wengi walihesabu kwamba mwananchi ameshinda. Kwa upande wa leseni, kweli ameshinda. Kwa upande wa ubora wa kadi yenyewe, hesabu ni ngumu zaidi, na inafaa kuelezwa polepole.

Hesabu ya chama cha kuzikana

Vyama vya kufa na kuzikana vimeenea huku, na kanuni zake zinafanana. Mwanachama mpya hulipa kiingilio, kisha hungoja miezi kadhaa kabla ya kuanza kunufaika. Anayekuja na mchango siku ambayo msiba umeshaingia nyumbani kwake hupewa pole, lakini turubai na sufuria za chama hapewi. Hakuna anayeona huo ni ukatili. Kila mtu anajua kwamba wakiruhusu kujiunga siku ya msiba, hakuna atakayechangia siku nyingine yoyote, na chama kitakufa kabla ya wanachama wake.

Bima ya afya ni chama cha namna hiyo, isipokuwa ni kikubwa, na wanachama wake hawajuani. Chukua mfano wa hesabu tu. Watu 100 wamejiunga. Kwa mwaka 10 kati yao wanaugua, na kila mmoja anagharimu Sh. 300,000. Gharama yote ni Sh. milioni 3, kwa hiyo kila mwanachama akilipa Sh. 30,000 mfuko unatosha. Sasa watu 50 wenye afya njema wanaona kwamba wanalipa bure, wanaondoka. Wagonjwa 10 hawaondoki ng'o. Gharama ni ile ile milioni 3, lakini walipaji ni 50, kwa hiyo bei inakuwa Sh. 60,000. Kwa bei hiyo wenye afya wengine 25 wanaondoka. Bei inakuwa Sh. 120,000. Mwishowe wanabaki wagonjwa 10, kila mmoja akilipa Sh. 300,000, ambayo ni bili yake mwenyewe. Hapo bima imekwisha, kilichobaki ni risiti.

Hili halikubaki kwenye karatasi. NHIF ilikuwa na bima ya watoto iliyoitwa Toto Afya Kadi, kwa Sh. 50,400 kwa mwaka kwa kila mtoto. Mzazi aliweza kumwandikisha mtoto mmoja mmoja, kwa wakati aliotaka. Wazazi walifanya kile ambacho mfanyabiashara yeyote angefanya: waliwaandikisha wale waliokuwa wagonjwa. Serikali ilieleza kwamba mfuko ulikusanya takriban Sh. bilioni 5 na kulipa takriban Sh. bilioni 40, yaani kila shilingi moja iliyoingia ilitoka na wenzake saba. Machi 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa na wazazi wakaelekezwa kwenye utaratibu wa makundi kupitia shule. Kadi ilirejeshwa 2025, baada ya maboresho. Katika miezi ile ya katikati, mzazi mwenye mtoto wa selimundu au wa moyo, aliyekuwa amefuata kila kanuni, ndiye aliyeumia. Wazazi waliongoja mtoto augue ndipo waandikishe hawakuvunja sheria yoyote. Sheria ndiyo iliyokuwa imeacha mlango wazi.

Basi mtu akisema anataka bima isiyomkataa mgonjwa, isiyomngojesha, na isiyopandisha bei kwa sababu ya maradhi aliyokuwa nayo tangu kabla, anaomba kitu kizuri ambacho hakiwezi kusimama peke yake. Kina njia mbili za kuegemezwa. Njia ya kwanza wazee wa huku wanaijua kutokana na sungusungu, jeshi la jadi lililoanzia pande hizi za Kahama na Nzega mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwano ukipigwa kila nyumba hutoa mtu, hata nyumba isiyo na ng'ombe wa kuibiwa, na nyumba isiyotoa mtu hutozwa faini. Hiyo ni kulazimisha. Njia ya pili ni kutafuta fedha za nje ya michango, yaani kodi, zizibe pengo linaloachwa na wale wanaobaki nyumbani.

Wabunge walipoipunguza makali fimbo ya leseni, waliidhoofisha njia ya kwanza. Kwa hiyo uzito mkubwa wa ulinzi wa mwananchi ukahamia kwenye njia ya pili. Jambo hili halikusemwa waziwazi vya kutosha, na ndilo linalopaswa kumkaa kichwani mtu anayepanga kununua kadi au kuweka fedha zake katika zahanati.

Nchi nyingine zilizopita hapo

Afrika Kusini ilitunga sheria yake ya mifuko ya matibabu mwaka 1998. Sheria ile iliikataza mifuko kumtoza mtu zaidi kwa sababu ya umri au ugonjwa, ikaweka orodha ya chini ya matibabu ambayo kila mfuko lazima ulipe. Lakini haikumlazimisha mtu kujiunga, kwa hiyo iliruhusu kungoja: miezi 3 kwa jumla, na hadi miezi 12 kwa ugonjwa ambao mtu alikuja nao. Ni kanuni ya chama cha kuzikana, iliyoandikwa na wanasheria.

Marekani ilichukua njia ya kulazimisha. Sheria ya mwaka 2010 ya wakati wa Rais Barack Obama ilizikataza kampuni za bima, kuanzia 2014, kumkataa mtu mwenye ugonjwa wa zamani, na papo hapo ikaweka adhabu ya kodi kwa asiye na bima na ruzuku kwa mwenye kipato kidogo. Julai 2017 jaribio la kuifuta lilishindwa katika Seneti kwa kura 51 kwa 49. Desemba mwaka huohuo wakaifanya adhabu kuwa sifuri kuanzia 2019. Wengi walitabiri soko lingeanguka. Halikuanguka, na sababu kubwa ni kwamba ruzuku zilibaki. Kwa msomaji wa Ushetu habari hiyo ina thamani, kwa kuwa inaonyesha kwamba fimbo ikiondoka mfuko unaweza kusimama, ilimradi fedha ya Hazina ije kweli na ije kwa wakati.

Karibu na nyumbani, Zanzibar ilitunga sheria yake ya Mfuko wa Huduma za Afya mwaka 2023, na Kenya iliibadili NHIF yake ya tangu 1966 kuwa mfumo mpya ulioanza Oktoba 2024, ambapo mwajiriwa alianza kukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Kwa mwajiriwa hakuna ugumu, mshahara hukatwa kabla haujafika mkononi. Ugumu ni kwa mama muuza nyanya, Kenya kama ilivyo Kahama.

Sheria inasema nini

Sheria ya 2023 inamtaka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima. Kwa mwajiri wa sekta rasmi lugha yake haina utani: mfanyakazi mpya aandikishwe ndani ya siku 30. Mchango ni asilimia 6 ya mshahara, mwajiri akibeba si chini ya nusu, jambo ambalo halitofautiani na lile ambalo watumishi wa Serikali wamelizoea tangu NHIF ilipoanza kazi 2001. Mwenye karasha au mtambo wa kuchenjua mawe aliyeajiri kijana kwa Sh. 300,000 kwa mwezi ajue kwamba asilimia 6 hiyo ni Sh. 18,000, na nusu yake ni Sh. 9,000, sawa na Sh. 108,000 kwa mwaka kwa kila kijana. Wenye maduara wengi hawana mikataba ya ajira. Hugawana mifuko ya mawe. Hao hawahesabiwi kuwa waajiri wala waajiriwa, nao ndio walio wengi katika ukanda wote kuanzia hapa hadi Geita, mahali palipofunguliwa soko la kwanza la madini la aina yake nchini Machi 2019.

Pili, sheria imeweka kitita cha mafao cha msingi, yaani sakafu. Mfuko wa umma au kampuni binafsi itakayoingia katika mpango huu haiwezi kuuza kadi iliyo chini ya sakafu hiyo. Kwa mnunuzi huu ndio ulinzi mkubwa kuliko yote, kwa sababu unaziba ujanja wa zamani wa kuuza kadi ya bei rahisi ambayo ndani yake hamna kitu. Anayetaka cha juu zaidi, chumba cha peke yake au matibabu ya nje, anunue nyongeza.

Tatu, imetaja msimamizi. Naye ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA). Hapo zamani NHIF ilisimama chini ya sheria yake yenyewe ya 1999, kampuni binafsi zikasimama chini ya sheria ya bima ya 2009, na CHF ikawa na sheria yake ya 2001 chini ya halmashauri. Mwenye malalamiko alitakiwa kwanza ajue kadi yake ni ya ukoo gani. Kuwaweka wote mbele ya jicho moja ni hatua. Isipokuwa jicho hilo linatakiwa lifike Nyamilangano, maana mkulima wa Mpunze hawezi kufunga safari ya mjini kudai Sh. 25,000 za dawa ambazo kadi ilipaswa kulipa.

Nne, imetaja vyanzo vya fedha za wasio na uwezo, vikiwamo ushuru wa vinywaji baridi, vileo na vipodozi, na michezo ya kubahatisha. Katika bajeti ya 2025/26 Serikali iliongeza ushuru na tozo kadhaa, vileo vikiwamo, ikielekeza sehemu ya mapato hayo kwenye Mfuko wa UKIMWI na sehemu kwenye bima ya afya kwa wote. Mwenye grosari akilalamikia bei ya kreti, ajue kwamba sehemu ya ongezeko hilo imekwenda kubeba kile ambacho fimbo ya leseni ilitaka kukibeba. Katika kampeni za uchaguzi wa 2025 Rais aliahidi kwamba utekelezaji ungeanza ndani ya siku 100 za mwanzo wa muhula mpya.

Pale kadi inapokwama

Pamoja na hayo yote, ziko sehemu tatu ambazo mnunuzi wa ukanda huu huweza kulipa na asipate.

Ya kwanza ni idadi ya watu. Kaya ya watu sita ilipangwa kwa kutazama nchi nzima, na sensa ya 2022 ilionyesha wastani wa watu 4.3 kwa kaya. Lakini kwa Msukuma au Msumbwa mwenye mji wenye wake wawili na watoto tisa, kadi moja ni nusu ya nyumba. Hapo hurudi mchezo ule wa Toto Afya: baba atachagua nani aandikwe, naye atamwandika anayeumwa. Wanaotunga viwango wakiusahau mji wa aina hiyo, hasara watakuja kuihesabu wenyewe mwisho wa mwaka.

Ya pili ni mipaka. CHF ilianzishwa kwa majaribio Igunga mwaka 1996, wakati ambapo mfuko ulikuwa wa wilaya. Maboresho ya 2018 yaliupeleka ngazi ya mkoa, mwanachama akaanza kutibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa wake kwa kufuata ngazi. Ushetu imepakana na Tabora upande mmoja na Geita upande mwingine. Mfanyabiashara wa mahindi hushinda Masumbwe, mchimbaji huhama na mchanga wa dhahabu, na mkazi wa kusini mwa Ulowa yuko jirani na Kaliua kuliko na Shinyanga mjini. Hospitali kubwa za rufaa za ukanda huu ni Bugando iliyoko Mwanza na ile ya kanda iliyoko Chato, zote nje ya mkoa. Kadi inayoishia mpakani ni sawa na leseni ya lori lisiloruhusiwa kuvuka mzani. Kwa mtu wa aina hii, swali la kwanza dirishani lisiwe bei. Liwe: nikiugulia mkoa wa pili, kadi hii inasomwa?

Ya tatu ndiyo iliyowashangaza hata watu wa mijini. Machi 1, 2024 NHIF ilianza kutumia bei mpya za kuwalipa watoa huduma. Chama cha watoa huduma binafsi, APHFTA, kilisema bei hizo haziwezi kuendesha hospitali, na baadhi ya hospitali kubwa za binafsi ziliacha kwa muda kuwapokea wanachama wa mfuko. Serikali iliwaelekeza wagonjwa kwenye hospitali za umma. Tazama nafasi ya mwanachama katika ugomvi ule. Amelipa mchango wake wote. Hakuwa upande wowote wa mkataba wa bei. Lakini ndiye aliyerudishwa mapokezi. Kila upande ulikuwa na hoja: mfuko unaobomoka hauna faida kwa mwanachama, na zahanati inayolipwa chini ya gharama itapunguza dawa au itafunga mlango. Kilichokosekana ni kanuni ya kumlinda mtu wa katikati, kwa mfano kuwapo notisi ya miezi kadhaa ambayo ndani yake huduma haisimami hata kama wakubwa hawajaelewana juu ya bei. Wabunge walitumia saa nyingi kwa leseni ya udereva. Saa moja kwa jambo hili isingekuwa hasara.

Mwekezaji mdogo anayefikiria kufungua zahanati au duka la dawa Kahama kwa kutegemea wagonjwa wa kadi asome tukio hilo mara mbili. Mteja wake mkubwa atakuwa mmoja, mteja huyo ndiye atakayepanga bei, na ndiye atakayeamua tarehe ya kulipa. Biashara ya namna hiyo huhitaji akiba ya kuendeshea miezi kadhaa bila kuona hundi. Mwenye mtaji wa mkopo wa riba ya mwezi hawezi kuimudu.

Bima za makampuni

Watumishi wa migodi mikubwa na familia zao mara nyingi huwa na bima za makampuni binafsi, na wapo wafanyabiashara wa Kahama wanaonunua za kwao. Ubora wake ni kasi na uwanja mpana wa hospitali. Udhaifu wake umo katika karatasi za nyuma: maradhi yaliyotengwa, muda wa kungoja kwa uzazi na magonjwa sugu, kikomo cha fedha kwa mwaka, umri wa mwisho wa kupokelewa, na haki ya kampuni kubadili ada mkataba ukifika mwaka. Mteja anayejaza fomu akaficha shinikizo la damu kwa kuogopa ada kubwa huipa kampuni sababu ya kukataa dai siku ya siku. Asifiche. Na akipewa jibu la hapana, adai liandikwe, kwa kuwa msuluhishi wa migogoro ya bima aliyewekwa na sheria ya 2009 hufanya kazi kwa karatasi, hafanyi kazi kwa masimulizi.

Risiti na kalenda

Chini ya CHF iliyoboreshwa uandikishaji hufanywa na maafisa waandikishaji vijijini kwa kutumia simu, pamoja na picha za wanakaya. Utaratibu ni mzuri ukifuatwa. Mchango uliotolewa bila jina kuingia kwenye simu hapo hapo ni sadaka. Mlipaji asiondoke kabla hajaona jina lake na la kila mtu wa kaya.

Kuhusu kalenda, kadi huhesabiwa miezi 12, lakini fedha za Ushetu hazina miezi 12. Mkulima wa tumbaku huwa na fedha msimu wa masoko, kisha hukaa na daftari la madeni hadi msimu mwingine. Mwaka 2018 NHIF ilianzisha mpango wa Ushirika Afya kwa wakulima walio katika vyama vya msingi vya ushirika, tumbaku na pamba zikiwamo, kwa Sh. 76,800 kwa mtu mzima na Sh. 50,400 kwa mtoto. Wazo lilikuwa sahihi: kukata mchango pale mzao unapouzwa, wakati fedha ipo. Lakini katika tumbaku mstari wa makato ni mrefu. Mkopo wa pembejeo hukatwa kwanza, hufuata michango ya chama na ushuru, na bei yenyewe hupangwa kwa dola huku malipo yakiweza kuchelewa. Mchango wa bima ukiwekwa mwisho wa mstari huo, kadi hufa katikati ya masika, miezi ambayo malaria hujaza wodi. Ukiwekwa mwanzo, benki iliyokopesha pembejeo italalamika. Chama cha msingi kinachotaka kuingiza wanachama wake katika mpango mpya kiliamue hilo kwenye mkutano mkuu, na kiliandike kwenye mkataba na mnunuzi kabla ya soko kufunguliwa.